Mbavu za Kontena Lisilo na Paa

Mke wangu hawezi kuinua mkono wake wa kulia kupita bega. Wajukuu wanadhani ni uzee. Mimi ni mtu wa kushukuru, hata kwa uzee. Nimefundishwa hivyo tangu nikiwa mtoto wa katekisimu, nami nikawafundisha wengine. Lakini mkono ule si uzee. Najua ulikoanzia.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, katika kijiji chetu upande wa Kitahana. Operesheni ya kuhamia vijijini ilikuwa imetuhamisha kutoka mabondeni na kutupanga kwenye mistari juu ya mlima. Nyumba zilikuwa zimenyooka vizuri, ila mashine ya kusaga haikuwapo hata moja. Aliyetaka unga alitwanga, au alijitwika debe la mahindi akaenda siku nzima na kurudi siku nzima. Mke wangu alitwanga. Alipokuwa na mimba ya mtoto wa nne bega lilianza kumuuma, na mganga wa zahanati akamwambia aache mchi. Alicheka mpaka akashika tumbo. "Bwana mganga, niuache mchi nimpe nani? Mwalimu?" Mwalimu ni mimi, ndivyo walivyomwita katekista.

Kwa hiyo barua iliposomwa kanisani, kwamba Wakristo wa ng'ambo wametuletea mashine ya kusaga, mke wangu alilia. Wengine walipiga vigelegele. Yeye alilia tu, ameshika bega.

Mashine ilifika Kigoma kwa treni, ikapandishwa milima kwa lori kupitia Kasulu. Sisi tulitarajia sanduku la mbao. Likaja sanduku la chuma, refu kama darasa, halina paa. Dereva akatueleza: mashine yenyewe imefungwa pamoja na injini yake juu ya kitako kimoja cha chuma, na bomba lake la moshi limesimama juu kupita kimo cha kontena la kawaida. Kwa hiyo huko Ulaya walitumia kontena la wazi, wakaiteremsha ndani kwa winchi kutoka juu, kisha wakafunika kwa turubai. Turubai hilo lilikaa juu ya vyuma vilivyopinda kama upinde, vimepangwa kutoka ukuta hadi ukuta. Maji ya mvua yalikuwa yakiteleza juu yake na kumwagika pembeni.

Winchi sisi hatukuwa nayo. Tulichimba mtaro mpana, lori likaingia kinyumenyume mpaka sakafu yake ikawa sawa na ardhi. Tukapanga magogo ya mkaratusi, tukayapaka mawese, wanaume wa kijiji kizima wakashika kamba. Kontena likateleza likatoka. Nilikuwa nikiongoza wimbo. Katika maisha yangu yote sijawahi kuvuta kitu kwa furaha kama ile.

Aliyetuonyesha habari ya mtaro alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, aliyeingia nchini mwaka sabini na mbili na mkewe na mkeka mmoja. Nilimwombea shamba kwa mwenyekiti, akapewa. Kabla ya kufika kwetu alikuwa amebeba mizigo stesheni ya Kigoma na kufunika mabehewa ya wazi. Maneno yake yalikuwa machache, na Kiswahili chake kilikuwa na Kirundi ndani, ambacho kwetu Waha si kigeni.

Kwetu zawadi huletwa imefunikwa. Mtu hafunui kibuyu cha pombe mpaka anayestahili kukifunua awepo. Kamati ikaamua kontena lisifunguliwe mpaka aje mgeni wa heshima kutoka mkoani, na siku ikapangwa: Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mimi nikapewa kazi ya tao la mapokezi.

Hapo ndipo penye kosa langu. Nilikuwa mjenzi wa matao. Kila sikukuu ya Mwili wa Kristo, maandamano yalipopita na Sakramenti, yalipita chini ya matao yangu ya mianzi na majani. Na kila mwaka mwanzi ulilegea, tao likainama upande kama mlevi, watu wakacheka. Nilipotazama vyuma vile juu ya kontena, vimepinda sawasawa, vyote vya kipimo kimoja, niliona tao ambalo halitainama kamwe. Nikapanda, nikalegeza turubai, nikavichomoa kimoja baada ya kingine. Vilitoka kirahisi, vilitengenezwa vitoke.

Yule mkimbizi alinikuta ninavishusha.

"Mwalimu, hizo ni mbavu zake."

"Naziazima tu. Mpaka Jumamosi."

"Na mvua?"

"Turubai si lipo?"

"Turubai lisilo na mbavu ni beseni, Mwalimu."

Wanaume waliokuwa wakinisaidia wakacheka. Mmoja akamwambia, "Wewe ulikuja na mkeka, leo unatufundisha mambo ya kontena?" Nami nilicheka pamoja nao. Si kwa nguvu, lakini nilicheka. Yeye akapokea chuma nilichokuwa nimekishika, akanisaidia kukibeba.

Tao lilipendeza. Nililifunga majani ya migomba na maua ya manjano, mwenyekiti akasema hata Kasulu mjini hawana la namna hiyo. Jumamosi ikafika; mgeni hakuja, barabara ilikuwa imekatika. Jumamosi ya pili hakuja. Mvua zilikuwa za Novemba, zile za milima yetu, zinazonyesha kama zimeagizwa. Niliona turubai limeanza kuzama katikati. Nilimwendea mwenyekiti tuzungumze juu ya kurudisha vyuma.

"Tukibomoa tao, watu watasema mgeni haji tena," alisema. "Subira, Ndugu Katekista. Si wewe unayetuhubiria subira?"

Nikasubiri. Sikutaka kulibomoa, huo ndio ukweli. Mwenyekiti alinipa tu sababu ya kukaa kimya.

Wiki ya tatu, asubuhi baada ya mvua kubwa, nilipanda ukutani mwa kontena. Turubai lilikuwa limezama kama tumbo la ng'ombe, na ncha ya bomba la moshi ilikuwa imelitoboa. Maji yote ya beseni lile yalikuwa yameishia humo bombani. Niliweka sikio. Ndani ya bomba nilisikia tone likianguka kwenye maji mengine, chini kabisa. Nikavuta turubai, nikakunja penye tundu, nikalifunga kwa kamba za katani. Niliteremka. Chini alikuwa amesimama mke wangu, ana ndoo kichwani, anatoka kisimani.

"Kuna nini huko juu?"

"Nakaza turubai."

Aliniangalia nguo zilizolowa, akaenda zake.

Mgeni alikuja siku chache baadaye na fundi kutoka Kasulu. Alipita chini ya tao, akasimama, akalisifu. Milango ya kontena ilifunguliwa, lakini juu ya milango palikuwa na mhimili wa chuma, na bomba lilikuwa refu kuupita. Fundi akakuna kichwa. Watu wakaanza kusema lazima mashine ikatwe. Mkimbizi akaenda pembeni, akachomoa pini, akausukuma ule mhimili ukazunguka kama mlango mdogo. Stesheni alikuwa amewaona wakifanya hivyo. Watu wakapiga makofi. Mashine ikavutwa nje juu ya magogo.

Kabla fundi hajagusa injini, mkimbizi alinisogelea. Alisema polepole, mimi peke yangu nisikie.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyepanda juu. Maji yaliingia?"

Mgeni alikuwa hatua tano kutoka kwetu. Mwenyekiti alikuwa anatabasamu.

"Matone tu," nikasema.

"Kama yameingia, ifunguliwe kwanza. Ikaushwe. Isizungushwe. Maji hayashindiliki, yatapasua chuma."

"Nimesema matone."

Fundi alishika hendeli, injini ikagoma. Akasema imelala muda mrefu, inataka nguvu. Akazungusha kamba kwenye gurudumu lake kubwa, akaifunga nyuma ya gari la mgeni. Gari likavuta. Kukatoka mlio mmoja, mkavu, kama mfupa unaovunjika. Halafu ubavuni mwa injini ukaonekana ufa, na kwenye ule ufa yakaanza kutiririka maji ya kahawia, yana vipande vya majani.

Fundi alipiga magoti, akagusa, akasimama. "Silinda imepasuka. Konrodi, ule mkono wa pistoni, bila shaka imepinda. Hiyo ndiyo mashine yenu, ndugu zangu."

"Maji yametoka wapi?" akauliza mwenyekiti.

Watu walitazamana. Kisha yule aliyetaja mkeka akasema, "Aliyejua kuufungua mlango ndiye anayejua." Mwingine akaongeza, "Hawa si walikimbia kwao? Walikimbia nini?" Yakapokewa hivyo, kwa mdomo huu na ule, kama watu wanaopitishiana jembe. Mkimbizi hakujitetea. Aliniangalia. Nilikuwa nimesimama chini ya tao langu. Ningeweza kuinua mkono na kuzigusa zile mbavu.

Badala yake nilianza kufunga upya jani la mgomba lililolegea.

Jioni ile nilimkuta mke wangu uani, ameweka kinu tayari.

"Umesikia wanayomsema?" akauliza.

"Nimesikia."

"Na wewe umesema nini?"

Alingoja zaidi ya nilivyoweza kuvumilia.

"Basi nipishe nitwange."

Mwezi ule mkimbizi alihama na mkewe, wakaelekea Kasulu. Alipita kuniaga. "Mwalimu, nakushukuru kwa shamba," alisema. Sikuona kejeli machoni mwake, na nimekuwa nikiitafuta huko tangu siku hiyo, maana ingenisaidia. Nilimjibu, "Nenda na Imana." Ndilo neno lililonitoka, jina la Mungu kwa lugha yake na yetu, mbele ya mke wangu.

Barua za kuomba vipuri zilikwenda ng'ambo, zikajibiwa kwa upole, vipuri havikuja. Kontena likawa ghala la mbegu. Tao lilihamishiwa kwenye lango la kanisa. Halijainama hata leo. Maharusi wote wa parokia yetu wamepita chini yake.

Baada ya miaka miwili nilikwenda kuungama. Padre hakunipa sala za kurudia. Aliniambia nikamtafute mtu yule, kisha niseme ukweli mbele ya watu. Nilikwenda Kasulu kwa miguu, nikauliza sokoni, nikauliza Kabanga hospitalini, nikauliza kwa Warundi wenzake. Wengine walisema amekwenda makazi ya wakimbizi ya Mpanda, wengine walisema amekufa. Nilirudi. Jumapili nilisimama kanisani nikasema. Watu walinisikiliza kwa heshima, na walipotoka nje mmoja alinipa mkono. "Mwalimu, una moyo mwema, unambebea Mrundi dhambi yake." Hawakuniamini. Nilikuwa nimewafundisha mno kwamba mimi ni mtu mwema.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa anatwanga kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameubana kifuani. Nilimnyang'anya mchi nikaanza kutwanga. Jirani akapita njiani, akapiga kelele, "Yewe! Leo Mwalimu ameolewa!" Wanawake wakacheka mpaka wakakaa chini. Sikuacha.

Mke wangu alichungulia kinu.

"Lete," akasema. "Unavunja mahindi tu. Unga huo hautapatikana hata kesho."

Akautwaa mchi kwa mkono ule wa kushoto, akaendelea.