Picha Niliyoibeba Kifuani

Baba yangu nilimuua mwenyewe, kijijini Dadamu, mchana kweupe, watu wakiona. Sikukusudia. Ulikuwa ujinga mtupu, na cheti changu cha sekondari kilikuwa kimelala sandukuni kwetu Arua, hakikunisaidia lolote.

Ilikuwa katikati ya miaka ile ya sabini. Jicho la kushoto la baba lilikuwa limekwisha kabisa, na daktari alisema la kulia halitamaliza mvua za mwaka ule. Baba hakulalamika. Alitoa picha yake ya Burma, ya vita vya Mwingereza na Mjapani: askari watatu, matope hadi magotini, yeye katikati. Wa kulia alikuwa mtu wa Koboko. Wa kushoto alikuwa wa Vurra, akahamia upande wa Kongo. Tangu wavue magwanda hawakuonana tena.

"Mimi nataka kuona sura yao," alisema, "mbele ya kubaki na sauti tu."

Basi nikajitolea kuwatafuta mimi, mtu ambaye safari yake ndefu ni sokoni, na hata huko nikifika naanza kuwaza sufuria nilizoziacha. Lakini jambo moja nililijua: kwetu ukitaka kuwakuta wazee wa pande zote siku moja, usiandike barua, nenda msibani. Dadamu kulikuwa na msiba wa bibi mmoja aliyekuwa na wakwe Koboko. Picha nikaitia kwenye fremu isikunjike, na kwa kuhofia kioo nikaikumbatia kifuani njia nzima.

Na nani huingia msibani na picha kifuani? Mtoto wa marehemu aliye pichani. Hilo halikunipitia akilini. Kabla sijafungua mdomo, mama mmoja aliniangukia shingoni akalia, wenzake wakapokea, na mimi nikalia pia, maana kilio cha wengi hakimwachi mtu. Nilipopata pumzi nikamwonyesha mzee mmoja yule askari wa kulia. Akasema anamjua, yu hai, na habari atamfikishia yeye mwenyewe. Nilidhani anasema salamu. Nikarudi nyumbani najisifu.

Siku ya tatu akaingia mzee juu ya baiskeli, kutoka Koboko, na shuka jeupe la kuzikia amelifunga nyuma. Akamkuta marehemu anamenya karanga.

"Wanasema wewe umekufa," alisema, bado yuko juu ya baiskeli.

"Nani anasema?"

Wote wawili wakanigeukia. Nikakumbuka nina chungu jikoni. Hakikuwapo.

Kesho yake akatokea wa Kongo. Lori la samaki wakavu lilimshusha Vurra, na kilichobaki alikitembea kwa miguu. Aliuliza tangu njiani, "Mutu ya kufa iko wapi?" Baba akaitika.

Baba aliwashika nyuso mmoja mmoja, akawageuza kwenye jua kama mtu anayekagua kitambaa dukani, pua karibu iguse pua. Yule wa Koboko alimwambia amezeeka vibaya. Yule wa Kongo alimshika tu muda mrefu, akamwachia, akamshika tena.

Habari ya kifo iliendelea kutembea bila sisi. Hadi mchana ule ua ulijaa, na wengi walikuwa wazee waliopigana vita vile vile. Ndipo akaja karani wa chifu na daftari lake. Alisema watu waliokuwa askari hawakusanyiki bila barua ya kambi ya jeshi, na wakati ule wa utawala wa wanajeshi barua ya kambini hakuna aliyependa kwenda kuiomba. Msiba ni sawa, alisema, lakini maiti hamna, kwa hiyo jua likizama kila mtu awe kwake.

Mimi ninayempisha kuku njiani nilisikia mdomo wangu unamwambia karani kwamba baba amebakiwa na jicho moja, na hatutamwondolea wenzake mbele yake. Sijui ulitoka wapi ule mdomo. Baba akasimama, na wale wawili wakasimama kando yake.

"Maiti iko mimi," alisema. "Andika."

Karani hakuandika. Alifunga daftari akasema atarudi na wenye bunduki. Baba akamwomba waje na viti, vya kwetu vimekwisha.

Jua likazama, hakuna aliyeinuka. Wala kesho yake, wala siku iliyofuata. Karani hatukumwona, na baba kila asubuhi aliwaita wale wawili waketi mbele ya jicho lake lililobaki, mwangani. Siku ya nne jirani yetu, mama aliyewapikia wote tangu mwanzo, alitoka jikoni na shoka mkononi, akasimama mbele ya baba.

"Mzee, kama umekufa, lala tuzike. Kama hapana, chukua hii shoka upasue kuni, sababu hawa wanaume yako wanakula."