Bunduki Haina Pindo

Kaka yangu alimletea mwanangu wa miaka kumi na mitatu bunduki ya upepo, ya kufukuzia ndege shambani kwetu Mpale. Ilikuwa ndefu na nzito. Mtoto alipojaribu kuikoki, mtutu ulimponyoka ukampiga kidevuni. Nikawaka.

"Hii ni ya mtu mzima!"

"Ataikulia, dada. Mbona sare ya shule tunamnunulia kubwa?"

"Sare ina pindo, kaka. Bunduki utaipinda wapi?"

Alicheka, kisha akaona damu kidevuni kwa mpwa wake, akaiweka bunduki kando. Kesho yake alimchukua hadi Korogwe mjini, wakaibadilisha kwa ndogo zaidi, na safari hii mtoto aliikoki mwenyewe dukani kwanza. Kaka mwingine angenuna kwa makelele yale. Wangu alisikia, namshukuru mno.