Supu ya Bamia Niliyomlisha Mzee Athumani

Kuna Jumamosi moja naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, kabla simu za kutafsiri hazijatuingia mifukoni, na mimi nilikuwa kijana mwenye koti jipya na Kiswidi cha kujivunia. Kaa hapo, usichungulie saa. Hadithi yenyewe si ndefu, ila siipendi, kwa hiyo huenda nikaivuta kidogo.

Mzee Athumani alikuwa amekuja kutoka Tanga kumtembelea binti yake Zuhura, muuguzi, aliyekuwa akikaa Vårby gård, hapa hapa Stockholm. Mzee huyo ndiye aliyenilea nilipokuwa sekondari. Baba yangu alikuwa Lushoto, shule ilikuwa Tanga mjini, na mzee akasema mtoto wa rafiki yake hapangi chumba, atakaa kwake. Mimi Mkatoliki, wao Waislamu. Basi sikiliza: mwezi wa Ramadhani, nyumba nzima imefunga, mkewe Bi Mwanaisha alikuwa akiwasha jiko mchana kunipikia mimi peke yangu. Na Ijumaa za Kwaresima alikumbuka kutonitilia nyama, hata siku ambazo mwenyewe nilikuwa nimesahau na ningeila bila wasiwasi. Nilikula katika nyumba ile miaka minne, na sikuwahi kuuliza chunguni mna nini.

Kwa hiyo aliposhuka uwanja wa ndege wa Arlanda nikasema huyu lazima nimkirimu. Ningeweza kumkaribisha nyumbani kwetu Spånga, mke wangu akapika wali, tukamaliza. Lakini ujana una kiherehere. Nilitaka mzee aone kwamba kijana wake amefika. Nikampeleka kwenye mgahawa mmoja wa vyakula vya baharini kule Södermalm, wa mapishi ya Cajun, yaani ya watu wa Louisiana, kusini mwa Marekani. Wenzangu wa kazini walikuwa wamenipeleka pale mara moja tu, nami nikamwambia mzee kwamba huwa nakula pale. Zuhura alikuwa zamu, akasema atatufuata akitoka kazini.

Mzee alipapenda. Meza zilitandikwa karatasi, Waswidi wazima wamejifunga vitambaa kifuani, wanavunja kaa kwa mikono na kulamba vidole. "Kumbe na hawa wanajua kula," akaninong'oneza, tukacheka. Tukaanza na kamba wa pilipili. Kisha ikaja supu yao nzito wanayoiita gumbo, na mzee alipoichungulia akapiga kofi. "Bamia! Bamia imefikaje kwenye baridi hii?" Akachota, kijiko kikaishia njiani. Katikati ya kamba na kaa kulikuwa na vipande vya soseji.

"Mwanangu, na hivi je?"

"Soseji, mzee."

"Ya mnyama gani?"

Sikujua. Niliyeagiza nilikuwa mimi, nikiamini kwamba mgahawa wa samaki hauna la kumtia Mwislamu mashaka. Nikamwambia nadhani ni ng'ombe.

"Usidhani. Muulize yule binti anayehudumu."

Hapo ndipo penye aibu yangu. Yule mhudumu nilikuwa nimeshamwita kwa ajili ya bakuli la maji, maana mzee hakuweza kuanza kula kabla ya kunawa pale mezani, na meza ya jirani walikuwa wamegeuka kututazama. Unajua huku watu hawapendi kusumbua wala kusumbuliwa. Woga huo mimi nilikuwa nimejifunza kuliko wenyeji wenyewe. Niliona nikimwita tena na kuanza kuhoji habari za nguruwe, nitaonekana mshamba. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakuwahi kukaa kwenye meza ile. Basi nikamwita, nikakunja uso wa mtu mwenye swali zito, nikamwambia kwa Kiswidi: tunaomba mkate zaidi. Akaitikia, akaondoka. Nikamgeukia mzee.

"Anasema ni ng'ombe."

Mzee akasema Bismillahi, akala. Alimaliza bakuli zima. Mkate ulipoletwa alinishukuru kwamba nimemfikiria hata mkate. Akanihimiza nimwagizie Zuhura bakuli lake likae tayari, maana mtu akitoka zamu huwa na njaa. Nikaagiza.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata mlangoni. Zuhura aliingia, akamwamkia baba yake, akakaa, akaitazama supu bila kugusa kijiko. Akamwita mhudumu, akamuuliza waziwazi, kwa sauti ya kawaida, soseji hii ni ya nyama gani. Hakuna mtu aliyegeuka kumtazama. Yule binti akajibu kwa upole kwamba ni ya nguruwe, lakini wana sufuria nyingine ya kaa na kamba watupu, watu wengi huiomba, angeambiwa tu angeileta hiyo.

Zuhura akaliona bakuli tupu. "Baba, umekula hii?"

"Nimekula. Ni ng'ombe. Kijana ameuliza."

Akanigeukia. "Ulimuuliza nini yule dada?"

Nilitafuta uongo mwingine nikaukosa. "Niliomba mkate," nikasema.

Mwanangu, nimeaibika mara nyingi katika maisha haya, lakini siku ile nilitamani sakafu inimeze. Zuhura alianza kunifokea, tena kwa Kiswidi ili baba yake asiyasikie maneno makali. Mzee akamwinulia mkono anyamaze. Akaenda msalani kusukutua, akakawia huko, akarudi amenawa uso, akavaa koti lake. Mimi nilikuwa nimekaa palepale naangalia maganda ya kamba.

Tukiwa kituoni tunangoja treni, ndipo aliposema nami, na wala hakuwa na hasira.

"Mimi kwa hili sina dhambi. Nimekula nisichokijua, na Mungu ni mwingi wa rehema. Nguruwe ameshapita. Lakini katika nchi hii mimi sina masikio wala sina mdomo, mwanangu. Nilivikabidhi kwako. Ungeniambia, mzee, naona haya kuuliza, ningekula mkate nikashiba."

Nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe, na najua alinisamehe kweli, kwa sababu wiki iliyofuata alikuja Spånga kutuaga. Mke wangu alipika samaki wa nazi. Mzee alinitania kama zamani, akaniuliza habari za kazi, akachukua salamu zangu za kumpelekea baba. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake kabisa. Chakula kilipotengwa alinawa, akalitazama bakuli, akainua uso, akanipita mimi, akamuuliza mke wangu aliyesimama mlangoni mwa jikoni: "Mama, humu mna nini?"

Mke wangu akamtajia samaki, nazi, nyanya, ndimu. Mzee akala. Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi, nikalia. Tulionana tena mara kadhaa Tanga kabla hajafariki, tulikula pamoja, na hakuniuliza tena mimi kilichomo chunguni.

Haya nisingekwambia, maana mtu mzima hupenda kuheshimiwa. Ila mficha uchi hazai, na juzi mimi jirani yenu niliwasindikiza wewe na mama yako, nikakaa nyuma yenu pale kwa daktari. Daktari alizungumza na mama yako kwa muda mrefu. Wewe ulimtafsiria maneno mawili: "Uko sawa." Mama akafurahi, akakushika bega. Najua hukukusudia ubaya. Ulikuwa na haraka, au hukulielewa neno moja ukaona haya kumrudisha daktari nyuma. Mimi pia sikukusudia ubaya.

Kwa hiyo shika hili. Ukipewa kuwa ulimi wa mtu, yaseme yote, hata yanayokukera, hata yanayokuaibisha. Usilolijua sema hulijui. Muulize daktari tena, muulize mara tatu, acha watu wakutazame. Watachoka, watageuza macho. Leo jioni mpigie daktari huyo, kisha ukae na mama yako umweleze alichosema.

Mungu akutie nguvu mdomoni, mwanangu. Akupe umri mrefu, na siku utakapozeeka katika nchi usiyoijua lugha yake, akujalie mtoto wa kukaa kando yako ambaye hutalazimika kumpita ukamuulize mwingine.