Maua ya Piko Yaliyoninyima Sindano

Jumatano, 23 Aprili. Mvua tangu alfajiri, njia yote ya Mtawanya tope tupu.

Naona haya hata kuiandika, lakini nisipoiandika leo kesho nitaanza kumsingizia wifi yangu Zuhura, na Zuhura hana kosa, miguu nilinyoosha mwenyewe.

Mie nina soriasisi, ngozi inanitoka magamba miguuni, mwaka wa tisa huu, na haiambukizi (ingawa majirani hawaniazimi kanga). Daktari bingwa wa ngozi anayekuja Kibiti kila baada ya miezi mitatu, mama mtu mzima aliyemaliza ujana wake akiuchunguza ugonjwa huu huu, aliniahidi sindano mpya ya kutuliza kinga ya mwili, maana ati kinga yangu ndiyo inayonishambulia. Sharti lake moja: wiki nzima nisipake kitu, hata mafuta ya nazi, na siku ya sindano madaktari na wauguzi wa wilaya wangekuja kunitazama wajifunze.

Hapo kwenye kutazamwa ndipo niliposhindwa. Juzi Zuhura alikuwa akijipaka piko la harusi, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mwilini, akanitania, "Wifi, utawafunulia wanaume miguu hiyo ya kenge?" Nikacheka, nikamwambia nichore maua mawili matatu, yafunike. (Haki yake niiseme: aliniuliza, "Daktari hajakukataza?" nikamjibu hajanikataza.) Mawili matatu yakafika magotini. Jana yakawasha, yakavimba, leo asubuhi malengelenge, na mie badala ya kusema nikamwagia poda ya mtoto, nikavaa soksi, nikapanda bodaboda.

Hospitalini nikakuta watu kama kumi na wawili. Daktari akawaambia, "Huyu ndiye mgonjwa wangu mwaminifu kuliko wote." Kisha akanigeukia, "Hujapaka kitu, mama?"

"Sijapaka."

Akavuta soksi, ikatoka na ngozi, poda ikaruka, maua yakaonekana meusi mpaka vikonyo, kila ua limejaa maji. Muuguzi mmoja alicheka, akaziba mdomo. Daktari hakucheka wala hakufoka, na afadhali angefoka.

"Mama, sindano hii inashusha kinga. Mwenye vidonda vibichi simpi, nitamuua."

"Niwekee basi, daktari. Wiki moja tu."

"Imekuja ya mtu mmoja, haikai nje ya barafu, na barafu hii haifiki kesho."

Akaitwa mwanamke wa Ngorongo aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje, magamba mpaka kwenye kope. Hata kijicho sikuweza kumwonea, hali yake mbaya kuliko yangu, na masharti aliyashika. Nilimsikia akisema bismillahi. Mie nikaambiwa tutaona dawa ikija tena. Lini, hakusema, na sikuwa na uso wa kuuliza.

Nimeapa sitamficha tena kitu anayetaka kunitibu. Najijua lakini, nimerudi nimejifunika baibui mpaka puani.

Jioni tumekula ugali na kisamvu. Zuhura alikuwa akilia, akijilaumu, nikamwambia daktari alinikataza na nilijua. Akanawa mkono, tonge lake akaliacha sahanini.