Simu Isiyo na Kobalti

Baba alifanya kazi ya mgodini hapa Lubumbashi mpaka akastaafu, na kila simu mpya iliyoingia nyumbani aliipokea kama mtoto aliyerudi kutoka Ulaya. Aliipima kwa kiganja, akaiambia, "Karibu kwenu." Betri yake ilibeba kobalti yetu, madini aliyoyachimba mwenyewe, kwa hiyo kwake simu ilikuwa ndugu.

Siku moja redio ikatangaza kwamba makampuni makubwa yanashindana kutengeneza betri zisizo na kobalti. Baba akaizima.

"Bantu gani aba! Balikula kwetu miaka yote, leo banasema mboga yetu haina na chumvi?"

Mimi pia nilikasirika, na hasira hiyo ninayo bado. Kuja walipiga hodi kwa makelele. Kuondoka, hata kuaga hawajui.

Mwezi uliopita simu yake ilikufa, nikamnunulia nyingine. Hakuuliza bei wala kamera.

"Ya kwetu iko ndani?"

Nilisoma karatasi yote ya kwenye katoni, jibu sikuliona.

"Iko, baba."

Alinitazama, akajua ninadanganya. Kisha akaipokea kwa mikono miwili.

"Ata kama haiko, iko mugeni. Mugeni tunamupokea."