Niliyemwombea Dua Kwenye Mkutano wa Wachuuzi

Tangu nimzike mke wangu, nikiona turubai, majamvi na viatu vingi mlangoni, huingia kuhani msiba. Wiki iliyopita niliviona vyote hivyo katika uchochoro wa Ndia Kuu. Nikaegesha mkokoteni wangu, nikavua ndara, nikakaa nyuma. Mbele alisimama Mzungu wa kike; nilimdhania mkwe wa marehemu. Hata kukaa bega kwa bega na wanawake hakukunishtua.

Kumbe ulikuwa mkutano wa wachuuzi na wasukuma mikokoteni. Mzungu yule alikuwa mwalimu, ametoka ng'ambo kutufundisha kuungana, maana askari walikuwa wakitunyang'anya mali kila kukicha. Mimi sikusikia hata neno. Nilikuwa namkumbuka mke wangu.

Mwalimu akauliza, kupitia kwa mkalimani, nani atatutangulia kesho kwa mkuu wa askari kudai mali zetu. Wanaume waliokuwa wakifoka tangu asubuhi wakaanza kukagua kucha zao. Vichwa vikainama. Nikajua dua imefika, nikainua mikono yote miwili.

Watu wakapiga makofi. "Mmoja ungetosha, mzee," mtu akasema.

Matanga ya makofi sijapata kuyaona, lakini nilimaliza Fatiha yangu, nikapangusa uso, nikamwinamia jirani yangu, Bi Rehema muuza viazi.

"Samahani, mamangu. Maiti ni nani?"

Makofi yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo wote walisikia. Mkalimani akamtafsiria mwalimu.

Bi Rehema akanitazama kwa huruma. "Ni wewe, kaka. Kesho asubuhi, kwa mkuu wa askari."