Ombi la Namba Kumi na Nne

Nikisema nina hasira, watu wa kanisani kwetu huniambia niiachilie. Nitaiachilia nikimaliza kusimulia, na pengine hata hapo sitaiachilia.

Pale kazini wiki yetu huanza kwa sala. Ni kiwanda cha dobi, tunafua shuka na taulo za mahoteli, na kila Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, sote ishirini na wawili husimama katikati ya matenga ya nguo chafu tukainamisha vichwa. Sina neno na sala. Nimelelewa humo, mama yangu alikuwa akituamsha kwa wimbo kabla hata ya kutuonyesha maji ya kunawa, na mpaka leo sishiki pasi kabla sijazungumza mawili matatu na Mungu wangu. Neno langu ni kwa yule aliyeishika sala yetu na yale aliyoifanyia.

Kwa cheo ni msimamizi, lakini ukimwita msimamizi anakunja uso, anataka aitwe Mtumishi. Huyo akiomba, utadhani anasoma ripoti ya kazi. "Bwana, tunakuletea dada yetu anayependa simu kuliko pasi," anasema, na sisi wote tunafumbua jicho moja kumtafuta dada mwenyewe. Daftari la mahudhurio huliweka chini ya Biblia yake. Ukishasema amina ndipo unaitwa kutia sahihi. Usipokuwepo kwenye sala hukuja kazini, hata ukisimama kwenye mashine yako mpaka jioni miguu ivimbe.

Halafu kuna sanduku la maombi. Ni boksi la sabuni alilolivika karatasi nyeupe na kulitoboa tundu juu. Ijumaa unaandika shida yako kwenye kikaratasi, huweki jina, unatumbukiza, na Jumatatu anasoma zote kwa sauti kisha tunaziombea. Siri yako na Mungu, ndivyo alivyotuambia siku anaweka lile sanduku. Nikikumbuka maneno hayo natamani kulipiga teke.

Sasa nikuambie habari za Mama Vifungo, maana ndiye hasa ninayetaka kumsimulia. Cherehani yake iko pembeni kwenye dirisha, hatua mbili kutoka kwenye pasi yangu ya mvuke. Kila shuka iliyochanika, kila foronya iliyofumuka, hupita mikononi mwake. Kwenye ukingo wa dirisha ana chupa kubwa ya vifungo alivyookota kwenye sakafu ya kiwanda kwa miaka ishirini na miwili, na ukimuuliza vya nini, anakwambia vina wenyewe, watakuja kuviulizia. Kiti chake ni cha mbao, amekifunga mto alioushona kwa vipande vya taulo. Mumewe alifariki watoto wao watatu wakiwa bado wadogo, na wote watatu wamesoma kwa kile kiti. Mtu akimwambia pole na kazi, anajibu kwamba anayestahili pole ni kazi, imekutana naye.

Siku yangu ya kwanza pale niliunguza kitambaa cha meza cha hoteli. Yeye alikivuta taratibu, akakitia kiraka ambacho mpaka leo hakuna aliyekiona, kisha akanigombeza wiki nzima. Tangu siku ile namwita Mama, na sikumwita hivyo kwa adabu tu.

Mwaka huu macho yake yakaanza kumsumbua. Kushona alishona vizuri vilevile, kwa sababu vidole vyake vinaujua mshono kuliko macho ya mtu mwingine. Taabu ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano. Analowesha ncha ya uzi kwa ulimi, analenga, anakosa, analenga tena. Alikuwa akisema viwanda vya siku hizi vinabania matundu ya sindano. Mimi naacha pasi, namtungia, narudi. Hatukuhitaji kulitangaza jambo hilo.

Dawa yake ilikuwa miwani, basi. Lakini kliniki ya macho inapokea wapya Jumatatu peke yake, majina yanaandikwa saa moja kamili, asiyekuwepo arudi wiki ijayo. Mama Vifungo alikwenda kwa Mtumishi kuomba ruhusa ya Jumatatu moja. Jumatatu moja tu, baada ya miaka ishirini na miwili. Hakumtajia macho, alimwambia ana haja ya hospitali. Akajibiwa kwamba siku zipo sita, kwa nini achague ya Bwana? Akaenda mara ya pili. Mara ya tatu Mtumishi alimshika bega akamwambia, "Ya Mungu kwanza, mama yangu, hayo mengine atayatengeneza mwenyewe." Alirudi kitini, akakaa, akanipa sindano nimtungie.

Ijumaa ya wiki hiyo ndipo aliposema ataliweka jambo lake kwenye sanduku. Vile vikaratasi vyeupe vilikuwa vimekwisha. Mimi, kwa kiherehere changu, nikachomoa tiketi moja kwenye kitabu kilichokuwa juu ya cherehani yake, nikamwandikia nyuma yake mimi mwenyewe, maana yeye kuandika asingeona mstari: Naomba Mungu anifungulie njia nifike kliniki ya macho, uzi siuoni tena. Nikakunja, nikatumbukiza, nikajiona nimefanya la maana.

Kila mmoja wetu ana kitabu cha tiketi. Unabandika moja kwenye kila furushi unalolimaliza, ili kazi ikirudi ina kasoro ijulikane ni ya nani. Kwa mbele zimepigwa muhuri wa namba. Ya Mama Vifungo ni kumi na nne. Mtu wa miaka saba kiwandani, ninayebandika tiketi hizo kutwa nzima, sikuigeuza ile karatasi nikaitazama. Hilo ni kosa langu na nalibeba.

Jumatatu Mtumishi aliisoma kwa sauti ya huruma, tukaombea macho ya ndugu yetu asiyejulikana. Nilikuwa nimesimama karibu. Nilimwona akiikunja, akiigeuza, kidole chake gumba kikitulia juu ya ule muhuri. Hakupepesa macho. Akaitia mfukoni, zile nyingine akazitupa.

Kufika saa nne Mama Vifungo alikuwa ameondolewa kwenye cherehani. Alipelekwa kuchambua nguo chafu kule mlangoni, kwenye taulo zilizolowa zenye uzito wa mtu mzima, na akaambiwa ni kazi nyepesi, haihitaji macho. Kwenye kiti chake, juu ya mto wake, akakalishwa shemeji yake Mtumishi, ambaye tangu miezi miwili nyuma alikuwa akizungukazunguka pale akitafutiwa nafasi. Mama Vifungo akaambiwa pia kwamba baada ya mwezi mmoja wataangalia kama ataweza kuendelea. Wiki nne, na hapo ndipo miaka ishirini na miwili ingeishia.

Damu ilinichemka. Nilimfuata mlangoni nikamweleza habari za ile tiketi, nikilia kwa hasira, nikamwambia ni mimi. Aliitupa taulo aliyoshika kwenye tenga. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe uliandika nilichokwambia. Aliyegeuza karatasi ndiye atakayejibu."

Wiki tatu alivuta zile taulo. Mgongo ukaanza kupinda. Kule kwenye dirisha shemeji alishona viraka vilivyojikunja kama uso wa mtoto anayetaka kulia, na hoteli zikaanza kurudisha mafurushi. Na unajua yalikuwa na tiketi gani? Kumi na nne. Shemeji alipewa kiti pamoja na kitabu cha tiketi, kwa hiyo kila kasoro ya shemeji iliandikwa kwa Mama Vifungo, na Mtumishi akapata cha kuonyesha. Kila Jumatatu aliyaombea macho yake, sasa kwa kumtaja waziwazi, na sisi tukiitikia amina kama mazuzu. Mimi nami niliitikia, na hilo linaniuma mpaka kesho.

Ikafika Jumatatu ya kwanza ya mwezi, siku ambayo Madamu, mwenye kiwanda, huja kusali nasi. Mtumishi alikuwa amevaa tai. Akatangaza kwamba leo tuna ushuhuda, mama yetu atoke mbele amshukuru Mungu kwa kumpumzisha na kumpa kazi inayolingana na umri wake. Alitaka ashukuru. Achukue kiti cha mtu, kisha asubiri ashukuriwe mbele ya bosi.

Mama Vifungo alitoka mbele. Alikuwa na mkoba wake begani, nami nikashangaa, kwa kuwa mikoba tunaiacha kwenye makabati. Akasema kwa upole, "Mtumishi, wewe omba kwanza. Shukrani nitatoa nikirudi."

Mtumishi alifurahi, akadhani ni unyenyekevu. Akatuambia tufumbe macho, akaanza, na akianza mbele ya Madamu hana breki. Mimi sikufumba. Nilimwona Mama Vifungo akipita katikati ya vichwa vilivyoinama, polepole, akishikashika kingo za matenga asijikwae. Alipofika kwangu alininong'oneza sikioni, "Wakimaliza waambie nimekwenda kuchukua jibu."

Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini. Mlango ukafunguka, ukafungika, na Mtumishi alikuwa bado anaomba.

Amina ilipopita, daftari likatoka chini ya Biblia. Majina yakaitwa. Lilipofika la Mama Vifungo, Mtumishi akaangaza macho, akachukua kalamu, akasema huyu hakuja leo. Mimi si msemaji wa hadhara. Lakini nilisikia sauti yangu ikisema alikuja, sote tumemwona, na amekwenda kuchukua jibu.

"Jibu gani?" Madamu akauliza.

Nikasema yote, bila mpangilio, na kwa ukali ambao sikuwahi kuutumia hata kwa mume wangu. Ruhusa mara tatu, kliniki ya Jumatatu, ile tiketi na mwandiko wangu. Nikabeba furushi lililorudishwa nikalifungua sakafuni, kiraka cha shemeji kikaonekana na namba kumi na nne juu yake. Madamu aliinama akakipapasa. Akauliza ni nani anakaa kwenye cherehani. Shemeji, aliyekuwa amekwisha kutia sahihi na kurudi kwenye kile kiti, akanyanyuka mwenyewe.

Usinifanye nimsifu Madamu. Miaka yote aliipenda ile sala kwa kuwa tulifika mapema, na siku ile alichokiona ni shuka zake. Ila alimwambia Mtumishi kwamba kiti kiachwe wazi, na kwamba daftari kuanzia leo lisikae chini ya Biblia.

Mtumishi bado yupo, na sanduku bado lipo. Mimi situmbukizi kitu humo.

Kiti kilikaa wazi wiki mbili, akingoja miwani itengenezwe. Mama Vifungo alipoingia alikuwa nayo usoni, ya fremu nyeusi, nene. Kitu cha kwanza alichokitazama ni shuka niliyokuwa nikinyoosha. "Kumbe ndivyo unavyopiga pasi," akasema. "Na miaka yote hii nakusifu." Nilicheka mpaka nikakaa chini, ingawa ile hasira ilikuwa palepale.

Kisha akakung'uta ule mto wake, akauweka sawa, akaketi. Nilinyoosha mkono nimtungie, kwa mazoea tu. Akanipiga kofi dogo la vidole. Akalowesha uzi, akaupitisha mara ya kwanza, akasema amina, akakanyaga pedali.